Mbona ndugu hawa hawana jina moja la ukoo?

Wiki chache zilizopita jirani yangu wa hapa Majengo, mtaa wa Goma, mama anayeuza maharage na makala ya kupikia mbele ya nyumba yake, aliniita nimsomee barua iliyoingia kwenye simu. Mtoto wake mmoja yuko nje ya nchi, na alikuwa ameomba wadogo zake wawili wamfuate. Barua ilikuwa ya Kifaransa, fupi na yenye adabu. Ilisema hivi: vijana hawa watatu, mnaodai ni wa baba mmoja na mama mmoja, wana majina matatu tofauti ya ukoo. Elezeni kwa nini, la sivyo leteni kipimo cha ADN (DNA) cha kuthibitisha undugu.

Majina yenyewe yalikuwa Kambale, Kasereka na Kakule.

Nilipomaliza kumfasiria, mama aliweka chini kopo la kupimia maharage. «Hawa ni batoto ba tumbo moja,» akasema. «Ni mimi nilibazala. Banataka jina gani ingine?»

Mtu yeyote aliyekulia Goma angeyasikia majina hayo matatu na kujua papo hapo kwamba ni ndugu wanaofuatana. Kwa aliyeandika barua, majina hayohayo yalikuwa ushahidi kwamba si ndugu. Nimeona mkanganyiko huu mara nyingi, si kwa wageni peke yao. Hata sisi wenyewe tukipewa fomu ya shule, ya kadi ya mpiga kura au ya pasipoti, tunaulizana: «Postnom ni ya baba ao ni ya babu? Prénom ni ya kizungu tu?» Basi tuifungue fomu tuione.

Fomu ya Kongo ina nafasi tatu. «Nom» ni jina linalotangulia, na kwa watu wengi huwa ni jina la asili ya kwetu. «Postnom» ni jina linalolifuata hilo, nalo mara nyingi ni la asili pia. «Prénom» ndilo watu wengi wanaloita jina la ubatizo: Denis, Marie, Espérance. Maneno ni ya Kifaransa, lakini maana zake hapa si zile za Ufaransa, na tatizo lote linaanzia hapo. Ufaransa au Ubelgiji, «nom» ni jina la ukoo. Baba analo, watoto wote wanalo, linarithiwa kama nyumba: mtoto anazaliwa akiwa tayari ndani yake. Kwetu, kwa desturi za zamani, jina lilikuwa kama nguo inayokatwa kwa kipimo cha mtoto mwenyewe. Lilisema amezaliwa wa ngapi, siku gani, baada ya tukio gani, au ni babu gani amekumbukwa. Wakoloni walipoleta daftari lenye mstari wa «nom», watu waliandika humo jina walilokuwa nalo. Mstari ulikuwa wa ukoo, jina halikuwa la ukoo.

Chukua Wanande, ambao Goma wamejaa. Kwao mtoto hupata jina la nafasi yake ya kuzaliwa, wavulana wana mfuatano wao na wasichana wao. Upande wa wavulana, Paluku humtangulia Kambale, Kambale humtangulia Kasereka, halafu Kakule, halafu Katembo, halafu Mbusa. Masika ni jina la msichana wa kwanza. Jina la namna hiyo ni kama namba ya kiti ndani ya basi. Linakwambia umekaa wapi, halikwambii basi ni la nani. Ndiyo maana darasa moja la Goma linaweza kuwa na akina Kambale watano ambao hawana undugu wowote, na mwalimu akiita «Kambale!» wainuke watano.

Hapo ndipo jina la pili linapofanya kazi yake. Gavana wa zamani wa Kivu Kaskazini anaitwa Julien Paluku Kahongya. Paluku ni nafasi, Kahongya ndilo linalomtofautisha na akina Paluku wengine wote. Mwanasiasa Antipas Mbusa Nyamwisi vivyo hivyo: Mbusa ni nafasi, Nyamwisi ndilo linalomtambulisha. Ukimwita Mnande kwa jina la kwanza peke yake umemwita pamoja na maelfu. Na mgeni anayefikiri Kambale ni ukoo, ajue kwamba kwa hesabu yake ukoo huo ungejaza miji kadhaa, tena ungemtenga kila Kambale na ndugu zake wa tumbo moja.

Mfuatano huu una pia kipengele ninachokipenda sana. Wakizaliwa watoto wa jinsia moja, kisha akaja wa jinsia nyingine, huyo anayegeuza mkondo anaweza kuitwa Muhindo, na akiwa msichana Kahindo. Maana yake ni mgeuzo, mabadiliko. Ndani ya jina moja umeambiwa habari za wale waliotangulia.

Makabila mengine ya huku hayahesabu hivyo, yanasema. Kwa wasemaji wa Kinyarwanda wa Rutshuru na Masisi, jina linaweza kuwa sentensi nzima: Habimana ni «Mungu yupo», Hakizimana ni «Mungu ndiye anayeponya». Mapacha huitwa Gakuru na Gato, yaani mkubwa na mdogo. Kwa Washi wa upande wa Bukavu, Murhula ni amani, Mugisho ni baraka, Nzigire ni «nimependa», na Byamungu hata asiyejua Kishi analisikia: vya Mungu. Waluba, walioko Lubumbashi kwa wingi, mapacha wao ni Mbuyi na Kabanga. Nao wana jina linalowachekesha bure wasemaji wa Kiswahili: Mujinga. Halina uhusiano na ujinga. Kwa Kiluba ni mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni, yaani ni jina la mtoto aliyepita pabaya akatoka salama. Nimewahi kuona msichana mwenye jina hilo akichekwa darasani mpaka akaacha kuliandika. Mwalimu mwenye dakika mbili za kueleza angemwokoa.

Halafu kuna majina ya Kiswahili chenyewe, ambayo huku mashariki hayana kabila: Bahati, Furaha, Riziki, Zawadi, Neema, Amani, Baraka, Mapendo, Tumaini. Wengine husema hayo ni majina ya Kiislamu kwa sababu mengi yametoka Kiarabu. Ni kweli kwamba baraka, neema, amani na riziki ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Lakini yaliingia Kiswahili kama maneno ya kila siku, na Goma utakuta Neema anaimba kwaya ya Kikatoliki na Neema mwingine anaswali msikitini. Nadhani umaarufu wa majina haya unatokana na jambo moja: katika mji ambao baba anaweza kuwa Mhunde na mama Mshi, jina la Kiswahili ni la wote wawili.

Sasa turudi kwenye ile nafasi ya katikati, kwa sababu ndiyo inayosumbua watu kuliko zote. «Postnom» ni neno ambalo Mfaransa akilisikia hulishangaa, maana kwake halipo. Limezaliwa kwetu, na lina historia.

Wakati wa uhuru, mwaka 1960, watu waliojulikana walikuwa na majina ya namna hii: Patrice Lumumba, Joseph Kasa-Vubu, Moïse Tshombe. Jina la ubatizo mbele, la asili nyuma. Tarehe 27 Oktoba 1971 Mobutu aliibadilisha nchi ikawa Zaire, na mto ukapewa jina hilohilo. Katanga ikawa Shaba. Miji ilikuwa imetangulia: Élisabethville ilikwishakuwa Lubumbashi tangu 1966. Mwanzoni mwa 1972 zamu ikawa ya watu. Katika siasa iliyoitwa Authenticité, yaani kurudia asili, raia walitakiwa kuyaacha majina ya kigeni na kubaki na ya mababu. Mobutu mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo cha miaka 5. Kardinali Malula wa Kinshasa alipingana na siasa hiyo, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa mwaka huohuo.

Fikiria mtu aliyekuwa Joseph fulani. Joseph ikiondolewa anabaki na jina moja, na majina ya peke yake yanafanana mno. Kwa hiyo watu waliongeza jina jingine la asili: la babu, la baba, la ukoo wa mama, au lile ambalo bibi alikuwa amelitoa siku ya kuzaliwa na halikuwahi kuandikwa. Likakaa nyuma ya jina la kwanza, ndilo postnom. Hivyo jibu la «postnom ni ya nani?» ni kwamba hakuna jibu moja. Katika nyumba moja ni la babu, katika nyingine ni la baba, katika ya tatu ni la mtoto mwenyewe. Anayekuambia kwa uhakika kwamba ni lazima liwe la baba anakuambia desturi ya nyumba yake.

Hotuba ya Mobutu ya 24 Aprili 1990, iliyofungua mlango wa vyama vingi, ililegeza kamba hiyo. Tai za Kizungu, ambazo nazo zilikuwa zimekatazwa, zilirudi shingoni, na majina ya ubatizo, ambayo nyumbani na kanisani hayakuwahi kufa, yakarudi kwenye karatasi. Lakini postnom haikuondoka. Ndiyo maana leo tuna matatu: mawili tuliyobaki nayo baada ya 1972 na lile lililorudi. Sheria nayo inabeba alama za safari hiyo. Kanuni ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema katika kifungu cha 58 kwamba majina yachukuliwe kutoka urithi wa utamaduni wa nchi, na yasiwe ya matusi, ya kudhalilisha wala ya uchokozi.

Yaliyorudi hayakuwa yaleyale. Kizazi cha babu zetu kilibatizwa kwa kalenda ya watakatifu: Boniface, Athanase, Léocadie, Gaspard. Padri alifungua kitabu, siku ilikuwa ya mtakatifu fulani, na mtoto akaondoka naye. Leo ukiita Athanase kwenye uwanja wa shule, huenda asigeuke mtoto hata mmoja. Wataitika Gloire, Merveille, Exaucé, Grâce, Héritier, Trésor. Ni majina ya Kifaransa, lakini namna ya kuyachagua ni ya kwetu kabisa: Exaucé ni mtoto ambaye wazazi waliomba na wakajibiwa, na hilo ni jina la tukio la kuzaliwa kama yalivyo majina ya bibi zetu. Dieumerci, «asante Mungu», ni sentensi kama Habimana ilivyo sentensi. Na Wakongo wamebuni hata majina ambayo Paris hawayajui: Glodi kutoka Gloire à Dieu (utukufu kwa Mungu), Gradi kutoka Grâce de Dieu (neema ya Mungu), Plamedi kutoka Plan merveilleux de Dieu (mpango wa ajabu wa Mungu). Wako wanaoyabeza majina haya kuwa hayana asili. Mimi naona asili yake ni hapahapa Kongo, tena yana ubunifu ambao kalenda ya padri haikuwa nao.

Watu husema pia kwamba jina la Kizungu ndilo jina la Kikristo, na la asili ni la kipagani. Wazazi wengine wanaogopa kumpeleka mtoto ubatizoni na Murhula peke yake. Tazama majina yenyewe. Denis, jina la daktari wetu Denis Mukwege wa Bukavu aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, linatokana na Dionysos, mungu wa divai wa Wagiriki wa kale. Martin linatokana na Mars, mungu wa vita wa Waroma. Yamekuwa majina ya Kikristo kwa sababu watu watakatifu waliyabeba. Murhula ni amani tangu mwanzo. Na Kanisa Katoliki lenyewe limebadilika: sheria yake ya 1917 ilimtaka padri ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa aongeze la mtakatifu. Sheria ya 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Baba anaweza kabisa kuandikisha Mugisho, Baraka na Bénédicte kwa watoto watatu, na atakuwa ametaja neno lilelile kwa Kishi, kwa Kiswahili na kwa mzizi wa Kilatini.

Kuna imani nyingine inayoniumiza zaidi, ile ya kwamba jina zito humvutia mtoto balaa. Huku kwetu tuna akina Masumbuko, Mateso, Matata, Shida, Mawazo. Siku hizi wengi wao wanaambiwa na wahubiri kwamba ndoa haiji au kazi haidumu kwa sababu ya jina, na wengine wanalibadilisha kwa hofu. Nielewe vizuri: mtu akitaka kubadili jina kwa sababu linamkera, ana haki yake. Lakini asifanye hivyo kwa kuaminishwa kwamba mama yake alimlaani.

Majina hayo yalitoka wapi? Mengine yalikuwa kumbukumbu: mtoto alizaliwa njiani watu wakikimbia, au baba alikuwa amefariki mimba ikiwa changa. Jina lilibeba uzito wa siku ile ili usisahaulike. Mengine yalikuwa ngao. Mwanamke aliyezika watoto wawili au watatu, wa nne akizaliwa hai, hakuthubutu kumwita Furaha. Alimpa jina la kusikitisha au hata la kuchukiza, ili kifo kikipita kisione chochote cha kutamani. Kuna mzee mmoja kanisani kwetu, jina lake ni la namna hiyo, aliyeniambia kwamba alilichukia jina lake miaka yote ya ujana, mpaka shangazi yake alipomwonyesha shambani mahali walipolala kaka zake watatu ambao hakuwahi kuwaona. Tangu siku hiyo anaposaini huliandika lote, herufi kwa herufi. Na kama ushahidi wa wazi unahitajika, Matata ni shida, na Augustin Matata Ponyo alikuwa waziri mkuu wa nchi hii kuanzia 2012 hadi 2016.

Kosa jingine ni la hatari katika mji kama wetu, nalo ni kumpimia mtu uraia kwa jina. Mipaka ya huku ilikubaliwa na Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza huko Brussels mwaka 1910. Majina yalikuwepo kabla. Mstari ulipopita, Hakizimana alibaki pande zote mbili. Ukivuka kwenda Uganda kwa Wakonzo utakuta mfuatano wa Wanande ukiwa umebadilika herufi chache tu: Paluku ni Baluku, Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo. Jina linaweza kukuonyesha lugha ya bibi aliyelitoa. Haliwezi kukuonyesha mtu alizaliwa upande gani wa mpaka, wala moyo wake uko wapi. Watu wamefukuzwa na wameuawa hapa kwa sababu ya silabi mbili, na sitachoka kulisema hili.

Yanayobaki ni ya karatasi, na nitayapita haraka. Mtoto anapaswa kuandikishwa ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Siku hiyo andika majina yake yote kwenye karatasi wewe mwenyewe, kwa herufi kubwa, usimwachie karani ayaandike kwa kusikia: Cibalonza na Chibalonza ni jina moja mdomoni, lakini kwenye pasipoti ni watu wawili. Mpangilio nao ni muhimu. Kifungu cha 64 cha Kanuni ya Familia kinasema jina lililoandikishwa, tahajia yake na hata mfuatano wake havibadilishwi isipokuwa kwa idhini ya mahakama, tena kwa sababu ya msingi. Kosa la dakika moja kaunta linaweza kukugharimu safari nyingi za mahakamani. Na kwa kuwa ofisi za nje zinatafuta ukoo, familia nyingi za mjini sasa huwapa watoto wote jina moja la baba na kuliongezea yale ya nafasi au ya tukio. Sioni ubaya, ilimradi lile la mtoto mwenyewe lisitupwe.

Jirani yangu na mimi tuliandika jibu lile jioni, kwa Kifaransa changu na maelezo yake. Tulichora jedwali dogo: nafasi ya kuzaliwa upande mmoja, jina upande wa pili. Tukaambatanisha vyeti vya kuzaliwa, ambavyo kila kimoja kina jina lake na la mumewe. Alisisitiza niandike pia kwamba kabla ya hao watatu kulikuwa na Paluku, aliyefariki akiwa mdogo, kwa sababu bila yeye, alisema, hesabu haieleweki.

Mkwe wake, mke wa mmoja wa vijana hao, ana mimba ya miezi saba na tayari ana wasichana wawili. Nikamuuliza mama kama wamekwisha chagua jina. Akacheka. Akizaliwa mvulana, ni Muhindo, hilo halina mjadala. La pili watangoja kwanza wamwone.